Pointi mbaya na masomo yaliyoachwa katikati: je, bado ninaweza kuwa mfamasia?

Wewe kijana wa Rubaya, wa Nyabiondo, wa Mubi au wa Njingala, na wewe mzazi unayelipa minerivali kwa jasho la koltani na kasiteriti, tunaomba uketi kidogo nasi. Leo tunazungumza juu ya swali ambalo vijana wanauliza mara nyingi baada ya ibada, wakati wazee wamekwisha kutoka na wao wamebaki nje ya kanisa:

“Mimi niko na 52 kwa diplome. Kemia ilinishinda mwaka moja. Mwaka mwingine niliacha masomo, nikaenda kwenye shimo. Sasa nataka kusoma farmasi. Iniversite watanikubali, ao nisahau tu?”

Jibu fupi ni hili: usisahau, lakini usijidanganye. Mlango haujafungwa. Lakini karatasi zako zina mdomo, nazo zitasema mbele yako. Afadhali ujue zitasema nini kabla ya kufika kule.

Kwa nini wanachunguza sana?

Wengine wanafikiri kwamba kuuza dawa ni kazi ya kusoma jina kwenye kisanduku na kupokea franga. Katika vijiji vyetu vya migodi tunaona dawa zikitembezwa ndani ya beseni, juani, pamoja na betri na sabuni. Mtu anaonyesha mahali panapomuuma, anapewa vidonge viwili vyekundu na kimoja cheupe. Basi.

Sasa fanya hesabu hii pamoja nasi. Mtoto ana kilo 10 na ana homa. Kipimo cha parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, ndiyo kusema 150 kwa mara moja. Chupa moja ya dawa ya maji imeandikwa miligramu 120 ndani ya mililita 5. Mtoto huyu atapewa mililita 6 na robo. Lakini kuna chupa nyingine, inayofanana nayo, imeandikwa 250 ndani ya mililita 5. Hapo ni mililita 3 tu. Mama akipima ile ya pili kama alivyozoea kupima ile ya kwanza, mtoto atameza zaidi ya mara mbili ya kipimo, na akirudia hivyo mchana na usiku, ini lake litaumia. Chupa ni mbili, kijiko ni kimoja, na anayeweza kumwambia mama tofauti ni yule aliyesoma.

Tena kumbuka mambo ya Ituri. Kati ya mwisho wa mwaka 2014 na mwaka 2015, watu walianza kufika vituo vya afya shingo zimekazana, ulimi na uso vimepinda. Kwanza walidhani ni homa ya uti wa mgongo. Walipopima vidonge walikuta kwamba chupa iliandikwa diazepam, lakini ndani mlikuwa haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Watu zaidi ya 1000 waliumia, wengi wao watoto. Hakuna aliyeweza kujua kwa kutazama rangi ya kidonge. Ilitakiwa kemia.

Ndiyo sababu kitivo cha farmasi kinatazama sana pointi zako za kemia, biolojia, fizikia na hesabu. Hawakuchukii. Wanafikiria mtoto yule wa kilo 10. Hata Biblia, katika Kutoka sura ya 30, inaonyesha Mungu akimpa Musa vipimo vya mafuta matakatifu: manemane shekeli 500, mdalasini 250, na vingine kwa uzito wake. Kazi ya kuchanganya ilihitaji fundi, wala haikuachiwa mtu wa kukisia.

Karatasi gani zinasomwa?

Ya kwanza ni diplome ya Serikali. Ili kuipata lazima ufikishe asilimia 50 katika mtihani ule tunaouita Exetat. Lakini 50 inakupa diplome. Haikuahidi kiti cha farmasi. Vitivo vya afya vina watu wengi wanaoomba, kwa hiyo mara nyingi wanaweka mtihani wa kuingia, ao wanachagua kufuatana na asilimia. Mwenye 52 anaweza kuandikisha jina, lakini atakaa kwenye benchi moja na mwenye 68, na mtihani ule ndio utakaowatenganisha.

Ya pili ni buletini za miaka miwili ya mwisho ya sekondari, darasa tulilozoea kuita la tano na la sita, ambayo leo ni ya tatu na ya nne ya humanite. Vijana wengi wanadhani buletini ya la tano inatupwa. Hapana! Mara nyingi inaombwa pamoja na diplome. Kama kemia ilikuwa 35 katika la tano na 64 katika la sita, anayesoma anaona mtu anayepanda mlima. Kama ilikuwa 64 halafu 35, anaona mtu anayeteremka. Pointi ni zile zile, lakini habari si moja.

Ya tatu ni njia uliyosoma. Aliyetoka katika sayansi, ile tuliyoita biyoshimi, amezoea masomo haya. Aliyetoka katika pedagojia ao komersiali atahitaji kujitayarisha zaidi, kwa sababu kemia ya mwaka wa kwanza haimngojei mtu. Si kwetu tu. Jirani zetu wa Tanzania pia wanadai kemia, biolojia na fizikia kwa yule anayetoka kidato cha sita kwenda farmasi.

Kuacha katikati kuna bei gani?

Huko Marekani, mwanafunzi akiona somo linamshinda anaweza kuliondoa kabla ya siku iliyowekwa. Karatasi yake itaandikwa herufi W, kusema alijitoa. W haihesabiwi kama sifuri. Lakini akiwa na W tatu ao nne, na zote ni za kemia, wakubwa wa shule ya farmasi watamuuliza: “Unakimbia nini?” Na akianguka somo, hata akilirudilia na kulishinda, ofisi inayokusanya maombi ya shule hizo inahesabu pointi zote mbili, ya kwanza na ya pili.

Kwetu Kongo hakuna W. Katika utaratibu wa zamani, mwaka ulikuwa kama mzigo mmoja: unaubeba wote ao unauacha wote. Siku ya kutangaza matokeo, waliosikia majina yao na “distinction” walipiga vigelegele. Wengine walisikia “ajourné”, maana yake bado, rudi kwa sesyon ya pili. Wengine waliandikiwa AA: hao walikosa mitihani ao pointi za masomo fulani, wakahesabiwa pamoja na walioanguka. Na wengine waliandikiwa NAF, yaani hawakubaliwi kuendelea katika njia ile. Kijana akisikia NAF, mlango wa kitivo kile umefungwa mbele yake. Inambidi atafute njia nyingine.

Angalia sana AA. Kijana anasema: “Sikuanguka, mimi niliacha tu.” Lakini juri haina karatasi ya “niliacha tu”. Kuondoka bila kusema ni kuanguka bila kupigana.

Leo iniversite zetu zimeingia katika utaratibu mpya wa LMD, ulioenea tangu mwaka wa masomo 2021-2022. Hapa masomo yanahesabiwa kwa kredi: 30 kwa nusu mwaka, 60 kwa mwaka, 180 kwa licence ya miaka mitatu. Somo ulilolishinda, kredi zake zinabaki zako. Somo uliloliacha linakufuata kama deni la dukani. Utaratibu huu una huruma kuliko ule wa zamani, lakini deni ni deni. Ukibeba kemia ya mwaka wa kwanza mpaka mwaka wa pili, utasoma somo la pili bila msingi wa la kwanza.

“Mwezi moja tu, mama”

Tuseme wazi jambo linalotuumiza nyumbani. Bei ya madini inapanda. Mkubwa anarudi na simu mpya na pikipiki. Mdogo wake anasema: “Mama, niende mwezi moja tu, nilipe minerivali yangu mwenyewe, nirudi.” Mama hana kitu mkononi. Anyamaze ama akatae?

Wapendwa, hatumhukumu kijana huyo. Wengi wamesomeshwa na shimo. Lakini mwezi moja unazaa wa pili, na madeni ya chakula ya kule yanamfunga mtu. Kama ni lazima kwenda, nenda wakati wa likizo kubwa, si wakati wa masomo. Na kama ni lazima kuacha shule, usiondoke kama mwizi. Nenda kwa Papa Prefe, umweleze, umwombe karatasi inayoonyesha kwamba ulisoma mpaka tarehe fulani. Ukiwa iniversite, nenda aparitora na ufanye vile vile. Karatasi moja yenye muhuri inaweza kuokoa mwaka mzima.

Na walioachishwa na vita?

Wengine hawakuchagua. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwaka 2024. Mwaka 2025 vita vilifika Masisi-centre, Goma, na hata Walikale-centre. Watoto walikimbia na godoro kichwani. Buletini zilibaki ndani ya nyumba, nyingine zikaungua. Ndugu yangu, hilo si kosa lako, wala usiliseme kwa haya. Lakini anayesoma dosie yako hajui ulikuwa wapi ikiwa humwambii. Andika barua fupi: tarehe uliyoacha, sababu, mahali ulipokimbilia, tarehe uliyorudi masomoni. Mchungaji wako ao chifu anaweza kushuhudia. Tangu mapatano ya mwaka 1977 makanisa yanasimamia shule nyingi za Serikali, basi ofisi ya shule za kanisa lako ni mahali pa kwanza pa kuulizia karatasi zilizopotea. Na yule aliyekosa kabisa kurudi darasani anaweza kufanya Exetat kama mtu aliyejifundisha mwenyewe, otodidakt, baada ya kushinda kwanza mtihani wao wa matayarisho.

Ukiwa umekwisha kuanguka, fanya hivi

1. Usifiche. Kuna wanaonunua buletini na pointi tamu. Uongo huo unaweza kuvumbuliwa hata mwaka wa mwisho, na hapo unapoteza yote. Tena, mfamasia anayeanza kwa karatasi ya uongo, tutaaminije kipimo chake?

2. Tafuta mzizi. Je, ni kemia yenyewe iliyokushinda, ao ni hesabu za uwiano? Ao ni njaa, ao kazi ya usiku? Kila moja ina dawa yake.

3. Rudilia kwa nguvu. Somo moja baya lililofuatwa na pointi nzuri katika somo lile lile linasamehewa mapema kuliko somo lililokimbiwa.

4. Uliza mbele ya kusafiri. Kinshasa na Lubumbashi kuna vitivo vya farmasi, na karibu yetu Iniversite Ofisieli ya Bukavu inafundisha. Masharti yanaweza kubadilika mwaka kwa mwaka. Uliza: asilimia ngapi, mtihani lini, buletini zipi. Usiuze mbuzi ya baba kwa habari ya barabarani.

5. Tazama milango mingine. Shule ya wauguzi, ITM, na baadaye ISTM, zimetoa watu wengi wanaoshika vituo vyetu vya afya. Muuguzi anayetunza vizuri depo ya dawa ya kijiji anaokoa watu. Lakini usijiite mfamasia kama hujawa. Tangu 1991 nchi yetu ina Ordre ya wafamasia, na jina hilo linalindwa.

Neno kwa wazazi

Baba, Mama, mtoto akileta 38, usimwambie mara moja, “Basi, nenda kwenye shimo kama wenzako.” Neno hilo limetoa vijana wengi shuleni kuliko kemia. Uliza kwanza: “Somo gani? Tangu lini? Nani anaweza kukusaidia?” Labda kuna mwalimu katika kanisa letu anayeweza kukaa na vijana watano kila Jumamosi. Chaki moja na ubao wa mlango vinatosha kuanza.

Na wewe msichana unayesoma haya, usikubali waseme kwamba kemia ni ya wavulana. Anayepima dawa ya mtoto nyumbani ni nani kila siku?

Mpendwa kijana, pointi mbaya ni habari ya mwaka uliopita. Mwaka unaokuja haujaandikwa bado. Siku moja mama atafika kwako kutoka kwenye mgodi, mtoto mgongoni, na chupa mbili mkononi zinazofanana. Atakuuliza, “Ni ipi, na ngapi?” Jitayarishe leo, ili siku hiyo umjibu bila kukisia.

Ya kuzungumza nyumbani na katika kikundi cha vijana

– Katika buletini yangu, somo gani linapanda na lipi linateremka?
– Ikiwa nililazimika kuacha masomo, nina karatasi gani ya kuonyesha?
– Katika kanisa letu, nani anaweza kufundisha kemia na hesabu siku za Jumamosi?
– Dawa tunazonunua, tunasoma namba iliyoandikwa kwenye chupa, ao tunatazama rangi tu?