Kuchagua Baisikeli na Kuitunza

Kutoka Koboko mpaka Arua ni mwendo wa kiasi cha kilometa 55, na baadhi yetu tunaotoka huko tumeupita kwa baisikeli shule zinapofunguliwa. Zamani ilikuwa njia ya vumbi na mashimo. Sasa ni lami, na safari imekuwa nyepesi. Lakini miteremko imezidi kuwa ya hatari, kwa maana baisikeli inakimbia na malori nayo yanakimbia. Basi nimeona yafaa niwaandikie wenzangu, hasa wa madarasa ya chini, mambo niliyojifunza kwa hasara.

Baisikeli yangu ya kwanza ilinunuliwa kwa fedha za tumbaku ya baba. Aliniachia niichague mwenyewe, nami nikachagua rangi. Ilikuwa nyeusi yenye michirizi ya dhahabu, iking'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride. Sikuinama hata mara moja kuitazama chini. Muhula uliofuata nilimpakia mdogo wangu nyuma pamoja na sanduku. Tulipokuwa mteremkoni, bomba la chini lilikatika karibu na shingo. Kumbe lilikuwa limevunjika zamani, likaungwa, likapakwa rangi! Mimi nilichubuka magoti tu, bali mdogo wangu alivunjika mkono akakosa muhula mzima.

Kwa hiyo ukitaka kununua baisikeli iliyokwisha kutumika, ipindue kwanza, magurudumu yawe juu. Pitisha ukucha polepole pale mabomba yanapokutana na shingo, kisha kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele. Rangi iliyokunjamana, mstari mwembamba wa kutu, au uvimbe kama kovu, ni sababu ya kutosha ya kurudisha fedha mfukoni. Muuzaji akikuharakisha, nenda zako.

Ikiwa bado imepinduliwa, zungusha gurudumu na kutazama kama linapepesuka kati ya mipira ya breki. Gusa spoku moja moja kwa kidole kama mtu anayepima nyuzi za adungu. Inayotoa sauti ya kulegea itasababisha nyingine kukatika. Zihesabu pia. Baisikeli ndefu za mtindo wa Kiingereza, zenye magurudumu ya inchi 28, kwa desturi zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko uliko mzigo.

Habari ya kimo ni fupi. Simama umelipita bomba la juu, nyayo zote chini; pasipobaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, baisikeli hiyo ni ya mtu mwingine. Kiti kiwekwe hivi kwamba, kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke.

Sasa utunzaji. Adui mkubwa ni mnyororo mchafu. Wakati wa kiangazi, tangu Desemba hata Machi, wenzetu wengi huumwagia mafuta mpaka unadondoka, wakidhani wanaufanyia wema. Vumbi hunata katika mafuta yale, nao mchanganyiko huo husaga chuma kama jiwe la kunolea. Futa mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uache ukauke, tia tone moja la mafuta ya cherehani katika kila kiungo, kisha pangusa yaliyobaki nje. Ukitaka kujua kama umechakaa, chukua rula yenye inchi. Pima kutoka katikati ya pini moja, ukihesabu viungo 24. Mnyororo mzima ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, nunua mwingine kabla haujala meno ya gurudumu.

Wakati wa mvua, angalia breki. Rimu ya chuma ikilowa huteleza, basi anza kushika breki mapema, ukiwa bado juu ya mteremko. Mafuta yasiguse rimu kamwe. Tena usiimwagie maji kwa nguvu katikati ya gurudumu, kwani yataondoa grisi iliyo kwenye gololi. Hizo zifunguliwe na kutiwa grisi mpya mara moja kila muhula.

Jambo moja limewatoa jasho wengi hapa shuleni: pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume, yaani kwa kuzungusha spana upande ambao kwa kawaida hukaza. Nimemwona kijana wa Senior ya Pili akining'inia juu ya spana na rafiki zake wawili, wote wakiikaza kwa bidii.

Mdogo wangu amepona. Kabla ya kupanda nyuma yangu hupitisha ukucha wake mwenyewe chini ya shingo, hata nikimwambia kwamba nimekwisha kutazama.