Pilipili Manga na Dawa Zilizoshindwa



Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa yake. Neno hili hutajwa sana hapa Msamala. Lakini wapo miongoni mwetu wanunuao sipro au amoksilini nusu ya kipimo, na homa ikipungua siku ya pili, vidonge vilivyobaki hufungwa karatasini vikangojea mgonjwa mwingine.

Dawa zi karibu siku hizi. Maduka ya dawa muhimu yalianza kwa majaribio katika mkoa wetu huu wa Ruvuma mwaka 2003, ndipo yakaenea Tanzania, na hiyo ni neema. Ila Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba mwenye kuitumia pungufu huvizoeza vijidudu kuishinda. Yametimia. Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu 1,270,000 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya bakteria sugu.

Usugu huo wafanyikaje? Njia zake ni nyingi, na mojawapo ni hii: baadhi ya bakteria wana vijipampu katika ngozi yao. Dawa ikiingia, huitoa nje kabla haijawadhuru, kama wavuvi wa Mbamba Bay wachotavyo maji mtumbwini na kuyamwaga ziwani.

Basi mwaka 2006 wataalamu wa Jammu, Bara Hindi, walieleza kwamba piperini, yaani kile kiletacho ukali wa pilipili manga, huizuia pampu hiyo katika stafilokokasi, bakteria aletaye majipu na usaha wa vidonda. Sipro ikichanganywa nayo, kiasi kidogo zaidi chatosha kumzuia. Pilipili haishiki nafasi ya dawa. Yaifungia adui njia ya kuitupa dawa nje.

Hapa twamsikia mama mmoja akisema, "Kumbe! Nitamjazia mwanangu pilipili manga katika chai." La, mama yetu. Hayo yalifanyika katika vyombo vya maabara, si mwilini mwa mgonjwa. Tena piperini nyingi hulizuia ini lisivunje baadhi ya dawa, zikazidi katika damu. Imeonekana hivyo kwa fenitoini, dawa ya kifafa, nayo ikizidi hudhuru. (Pilau ya Idi hatuikatazi, kilichomo humo ni kidogo.)

Tazameni jinsi wenye ujuzi wanavyopima. Huko huko Bara Hindi kimetengenezwa kidonge cha kifua kikuu ambacho rifampisini yake ni miligramu 200 badala ya 450, kwa kuwa kimetiwa piperini. Na piperini hiyo ni miligramu 10 tu.

Kwetu, Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, huichunguza mimea ya nchi hii. Mwenye mzizi wa babu yake auaminio, huko ndiko kwenye mizani.