Kuunda na kushindanisha gari za mchangani: ni halali au ni haramu?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Tumepokea suali la mama mmoja wa Pemba. Mwanawe yuko Oman kwa ami zake. Yeye na binamu zake wamenunua gari bovu, wameivua bodi, wamechomelea mabomba, na siku za mapumziko wanaikimbiza na wenzao kwenye vilima vya mchanga. Mama anatuomba tumwandikie kijana kwamba jambo hilo ni haramu, ili aache.

Khofu yake tunaielewa. Lakini khofu peke yake haiharamishi kitu. Asili ya mambo ya kidunia ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Kwanza tulijue jambo lenyewe.

Gari zenyewe

Gari hizi, maarufu kwa jina la bagi, zilipata umaarufu California, Marekani. Mwaka 1964 Bruce Meyers, aliyekuwa fundi wa mashua, aliunda bagi ya faibaglasi kwa kutumia vyombo vya Volkswagen Beetle. Gari ile ilifaa kwa sababu injini yake iko nyuma, uzito unakandamiza magurudumu yanayosukuma, nayo yanashika mchanga. Tena hupozwa kwa upepo, haina maji ya kuchemka. Mwaka 1967 yeye na mwenzake waliivuka rasi ya Baja California, Mexico, kwa muda usiofika saa 35, wakaishinda rikodi ya pikipiki ya karibu saa 40. Watu wa kawaida wakaiga, kila mmoja uani kwake.

Kazi hii ina elimu ndani yake: kupima, kukata, kuchomelea, kujua uzito ukae wapi. Kijana anayejifunza ufundi kwa mikono yake hajapotea.

Mashindano katika Sunna

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi Madina. Walioandaliwa kwa mbio walitoka Al-Hafya hadi Thaniyatul-Wadaa, mwendo uliokadiriwa maili 5 au 6. Wasioandaliwa walitoka Thaniya hadi msikiti wa Bani Zurayq, kama maili 1. Ibn Umar mwenyewe alikuwamo.

Tuzingatie hapo. Mbio hazikukatazwa, lakini kila farasi alipewa masafa kwa kadiri ya maandalizi yake. Gari iliyochomelewa jana haiingii mbioni leo.

Zawadi na kamari

Kushindana bila ya dau, kwa jambo la mubah lisilo na madhara, kunaruhusiwa. Ama kila dereva kutoa pesa kisha mshindi azichukue zote, hiyo ni kamari, hata ikiitwa mchango. Zawadi anayoitoa mtu wa nje ina khilafu: Hadithi imetaja ngamia, farasi na mishale, na wanavyuoni wengi hawakuzidisha sana juu ya hayo. Iliyo salama zaidi ni kushindana bila ya malipo.

Roho za watu

Hapa ndipo penye uzito. Allah ametukataza kujitia katika maangamizi, na sheria yetu imekataza kujidhuru na kudhuru wengine.

Bagi hupinduka. Kinachomlinda dereva ni kizimba cha chuma juu ya kichwa chake, mkanda unaoshika mabega na kiuno, na kofia ngumu. Mabomba ya maji hayafai kwa kizimba: hayakutengenezwa kuhimili kishindo, na yale yaliyopakwa zinki yakichomelewa hutoa moshi wenye sumu. Kilima cha mchanga nacho huficha upande wake wa pili, ambao mara nyingi huwa mteremko mkali. Ndiyo maana gari hufungwa mlingoti mrefu wenye bendera ionekane kutoka upande wa pili, na watazamaji hawasimami njiani mwake.

Vijana wengine husaini karatasi kwamba hakuna atakayedai, wakadhani yamekwisha. Anayemuua mwenzake kwa kukosea ana diya na kafara. Warithi wanaweza kusamehe diya, lakini kafara ni haki ya Allah: leo hakuna mtumwa wa kuacha huru, kwa hiyo ni kufunga miezi miwili mfululizo. Karatasi haiifuti.

Kwa mama aliyeuliza

Hatuwezi kumwandikia kijana kuwa ufundi wake ni haramu. Lakini mama ana haki ya kumpigia simu na kumuuliza: Nani aliyekagua uchomeleaji? Mkanda na kofia vipo, chako na cha aliyekaa pembeni yako? Dau lipo? Mahali hapo pameruhusiwa? Sala ya Ijumaa mnaisali wapi?

Akikosa jibu la usalama, asiingie mbioni mpaka alipate. Akiwa nayo yote na moyo wa mama bado haujatulia, tunamwambia kijana: mbio ni mubah, na kumtii mama ni wajibu. Aendelee kuunda, na mbio aziache mpaka mama aridhike.

Wallahu a'lam.