Ritifaa ya ng' inapochafuliwa na tarakilishi

Mwalimu mmoja wa Rang'we, Kaunti ya Homa Bay, alinionyesha orodha ya wanafunzi iliyotoka katika mfumo mpya wa shule. Kila Ong'ondo alikuwa amegeuka Ongâ€™ondo. “Sasa mtoto huyu nimwiteje?” akaniuliza. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Anayemtafuta Ong'ondo katika orodha hiyo ataambiwa hayupo.

Ritifaa si pambo. Katika Kiswahili, ng'oa ni kutoa kitu kwa nguvu, kama jino. Ngoa ni tamaa au wivu. Dholuo nayo hutenganisha sauti hizo mbili kwa alama hiyo hiyo, na ndiyo maana majina mengi ya Homa Bay na Migori hayaandikiki bila ritifaa.

Uchafu huu unaanzia wapi? Karani akibonyeza kitufe cha ritifaa, programu nyingi za kuandikia huigeuza ile iliyonyooka ikawa iliyopinda. Kwa jicho ni mamoja. Kwa tarakilishi, katika msimbo wa UTF-8, iliyonyooka ni baiti moja lakini iliyopinda ni baiti tatu: E2, 80 na 99. Programu inayodhani faili iko katika Windows-1252, msimbo wa zamani ambapo kila herufi ni baiti moja, husoma baiti hizo kama alama tatu: â, € na ™.

Orodha kama hizi mara nyingi hupitishwa katika faili za XML, ambazo hutaja msimbo wake katika mstari wa kwanza. Basi tatizo liko wapi? Liko kwa mwanaprogramu wa Java anayefungua faili kwa FileReader. Kabla ya toleo la 18 la Java, lililotoka Machi 2022, FileReader isipoelekezwa ilifuata msimbo wa mashine yenyewe, na kwenye Windows mara nyingi huo ni Windows-1252. Kichanganuzi cha XML hapo kimelishwa chakula kilichokwisha kutafunwa. Tangazo la mstari wa kwanza halina kazi tena. Dawa ni kukipa baiti zenyewe kwa InputStream, na wakati wa kuandika kutumia OutputStream huku msimbo ukitajwa kuwa UTF-8.

Kuna kosa la kinyume: faili inajiita UTF-8 kumbe imehifadhiwa kwa Windows-1252. Humo ritifaa iliyopinda ni baiti 92, ambayo haiwezi kuanzisha herufi yoyote ya UTF-8, kwa hivyo Java hugoma na kulalamikia baiti batili. Mimi nalipendelea kosa hili. Angalau linapiga kelele! Rekebisha tangazo lilingane na baiti zilizomo, kisha geuza faili iwe UTF-8.

Orodha ya Rang'we ilisafishika jioni ile ile, kwa sababu baiti zote tatu zilikuwa bado zipo. Ilitosha kuzirudisha zilikotoka. Ya pili, iliyotoka upande wa Migori, ilikuwa na Ong?ondo. Iliandikwa kwa ISO-8859-1, msimbo usio na ritifaa iliyopinda, na Java ikaweka alama ya kuuliza mahali pake. Hapo hakuna cha kurudisha. Ilibidi lifunguliwe daftari la kalamu, jina baada ya jina.