Kuongeza Sakafu ya Uani

Mjini Juba familia hupika, hufua na hupumzika uani. Ndiyo maana sakafu ndogo ya zege iliyo nyuma ya nyumba haikawii kuwa finyu. Lakini saruji nyingi hufika huko kwa malori kutoka Uganda, kwa njia ya Nimule, kilomita 192 hadi mjini. Sakafu ikipasuka, gharama yote hiyo imepotea.

Anzeni kwa hesabu. Sakafu ya mita 3 kwa 4, yenye unene wa sentimita 10, huhitaji zege la mita 1.2 za ujazo. Kwa kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, mifuko 8 ya kilo 50 yatosha.

Ondoeni udongo laini, jazeni changarawe, kisha shindilieni. Zege jipya lisishikamane na la zamani, kwani ardhi iliyo chini yake hutitia kwa kadiri tofauti, na hapo ndipo ufa huanzia. Tengeni kwa karatasi ya lami. Kila mita moja ishuke sentimita 2 kutoka ukutani, ili mvua za masika zisiingie chumbani.

Adui mkubwa ni jua. Zege hukomaa kwa unyevu, wala si kwa kukauka upesi. Mimineni alfajiri, funikeni kwa magunia yaliyolowa, na nyunyizieni maji kwa siku 7. Baba akiwa zamu, mama na watoto waweza kuilinda kazi hiyo: ndoo chache za maji huokoa mifuko 8 ya saruji.