Kompyuta Inapoishiwa Kumbukumbu

Mwenye kurekodi kwaya kwa kompyuta huko Oruchinga au Nakivale, wilayani Isingiro, huweza kuiona programu ya muziki ikizimika ghafla na kazi ya siku nzima ikapotea. Kabla ya kufunga safari ya Mbarara kununua kumbukumbu zaidi, na atazame kwanza kama programu yake ni ya biti 32. Hiyo huhesabu anwani zipatazo bilioni 4 tu, kwa hiyo haivuki gigabaiti 4 hata ikipewa 16. Fedha ingeteketea bure. Ya biti 64 haina kizuizi hicho. Akiikosa, kinanda kilichokwisha kupigwa akigeuze kuwa sauti iliyorekodiwa, kisha akifunge, maana ndicho mlaji mkubwa. Tena ahifadhi kazi kila ubeti.