Roboti ndani ya robota: sayansi ya midoli ya mtumba

Leo tunaongelea midoli. Najua wengine mnasema "huyu naye kakosa mada", lakini vumilieni kidogo, maana mada hii ilianza kama mchezo na ikaishia kumgusa dada yangu mfukoni.

Dada anaishi Kigongo. Miaka yote ya kivuko, biashara yake ilikuwa foleni: magari yanasubiri kuvuka kwenda Busisi, yeye anapita dirishani na samaki wa kukaanga. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na foleni ikaisha. Sisi abiria tulishangilia. Yeye ilibidi atafute kitu kingine, na siku hizi anafungua robota za mitumba, nguo pamoja na midoli.

Jumamosi moja nilimkuta ametandika turubai chini, juu yake kuna rundo la maroboti. Wengine hawana vichwa, wengine wana mkono mmoja. Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa ameshika roboti mwekundu anayegeuka kuwa lori. Yeye anamwita Optimasi, jina alilolipata kibanda umiza. Mkono ulikuwa umekatika, na dogo alikuwa anapasha msumari kwenye mkaa ili auchomelee.

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Unajua huyo ametengenezwa kwa plastiki gani?"

"Plastiki ni plastiki, mjomba."

Hapo ndipo makala hii ilipoanzia.

Kwanza, hilo jina

Kiswahili kina neno robota, yaani furushi kubwa lililofungwa. Watu wa Kanda ya Ziwa tunalijua vizuri kutokana na robota za pamba. Asili yake ni Kiarabu, neno lenye maana ya kufunga. Sasa Kicheki nacho kina neno robota, lenye maana ya kazi ya shuruti, ile ambayo mkulima alilazimika kumfanyia bwana wake. Mwaka 1920 mwandishi Karel Čapek alichapisha tamthilia ya R.U.R. kuhusu wafanyakazi waliotengenezwa kiwandani. Ndugu yake Josef, ambaye alikuwa mchoraji, ndiye aliyempa neno la kuwaita: robot. Dunia nzima ikalichukua.

Maneno haya mawili hayana undugu, yamefanana tu kwa bahati. Lakini ukikaa Kigongo ukaona roboti akitolewa ndani ya robota, lazima utabasamu.

Roboti anayegeuka gari naye ana historia yake. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza kuuza Transformers, na wengi wa wale wa mwanzo walikuwa midoli ya kampuni ya Takara ya Japani iliyokuwa inauzwa kwa majina mengine. Hadithi za maroboti hao, na katuni yao, zilitungwa baadaye. Yaani mdoli ulitangulia, hadithi ikafuata.

Kwa Gundam ilikuwa kinyume. Katuni ilianza Japani mwaka 1979, na Julai 1980 kampuni ya Bandai ikatoa roboti wa kuunganisha mwenyewe kwa yeni 300. Unanunua boksi, ndani kuna fremu za plastiki zenye vipande. Unakata kipande kimoja kimoja na kuvipachika mpaka roboti asimame. Mpaka leo kuna watu wazima duniani kote wanaozikusanya, kuzipaka rangi, na kubishana usiku kucha kuhusu kiungo cha goti.

Skeli: kwa nini mdoli anasimama na roboti wa kweli anashindwa

Boksi lile la kwanza liliandikwa 1/144. Maana yake ni kwamba kila sentimita moja ya mdoli ni sentimita 144 za roboti "halisi" wa kwenye hadithi. Gundam wa hadithi ana urefu wa mita 18. Gawanya kwa 144, unapata sentimita 12.5, kiasi cha kalamu fupi. Ukitaka kumtengenezea daraja letu kwa skeli hiyohiyo, utahitaji karibu mita 21 za uwanja. Mama mwenye nyumba atakufukuza.

Sasa fanya kinyume. Chukua mdoli na umkuze mara 144 kila upande. Ujazo wake, na kwa hiyo uzito wake, unakua 144 × 144 × 144, karibu mara milioni 3. Lakini nguvu ya mguu inategemea eneo la mkato wake, kama vile kamba nene inavyobeba kuliko nyembamba, na eneo hilo linakua 144 × 144 tu, kama mara 20,700. Ukigawanya unaona kila sentimita ya mraba ya mguu inabeba mzigo mara 144 zaidi ya mwanzo. Ndiyo sababu siafu anabeba mzigo mkubwa kuliko mwili wake, na tembo hawezi kuruka.

Wajapani walilijaribu hili kweli. Kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2024, pale Yokohama alikuwepo Gundam wa mita 18, tani 25, aliyeweza kuinua miguu na mikono. Lakini uzito wake ulishikiliwa kiunoni na mhimili uliokuwa nyuma yake. Kutembea peke yake hapana.

Kingine cha kuchekesha: kwenye hadithi Gundam ana tani 43.4. Mtu wa mita 1.7 na kilo 70, ukimkuza mpaka mita 18, anafika kama tani 83. Kwa hiyo roboti wa chuma amekuwa mwepesi kuliko mtu wa nyama wa urefu uleule! Kwa kuwa mwili wa mtu unakaribia uzito wa maji ya ujazo wake, Gundam huyo ukimdondosha pale chini ya daraja ataelea kama boya, nusu nje, nusu ndani.

Kumbuka hili neno kuelea. Ndilo lililotusaidia kwenye turubai la dada.

Ndoo mbili na chumvi

Plastiki si kitu kimoja. Ni familia, na kila mwanafamilia ana tabia yake. Fremu nyingi za maroboti ya kuunganisha zimeandikwa kabisa PS, ABS au PE. Ya mtumba mara nyingi haina alama, lakini unaweza kuyatenga kwa uzito wake ukilinganisha na maji.

Unahitaji ndoo mbili. Ya kwanza ni maji ya kawaida yenye tone la sabuni, ili mapovu yasishikilie kipande. Ya pili ni maji yenye chumvi, kama vijiko 10 vya chakula kwa kila lita, ukoroge mpaka iyeyuke. Toa skrubu na betri, na tumia kipande kisicho na uwazi wa hewa ndani.

Kikielea kwenye maji ya kawaida, ni polithini (PE) au polipropilini (PP), ndugu wa beseni na ndoo. Kwenye maroboti utaikuta kwenye viungo laini.

Kikizama kwenye maji ya kawaida lakini kikaelea kwenye chumvi, kuna uwezekano mkubwa ni polistirini (PS) au ABS. Hizi ndizo mwili wa maroboti mengi: ngumu, zinang'aa, na PS ikipindwa inakatika "ta!"

Kikizama kote kuwili, mara nyingi ni PVC au plastiki nzito ya giya. Kama ni laini na kinapindika, shuku PVC.

Kipimo hiki hakina uhakika wa maabara. Kuna plastiki zinazochanganywa na unga wa mawe au rangi nzito, na hizo zitakudanganya. Lakini kwa kuanzia kinatosha.

Mkono wa Optimasi ulizama kwenye ndoo ya kwanza, ukaelea kwenye ya pili. Dogo akaniangalia kama nimefanya mazingaombwe.

Kwa nini nilizuia ule msumari

Mafundi wetu wanaziba ndoo na beseni kwa chuma cha moto, na wako sahihi: PE na PP hulainika na kushikana vizuri, wakati gundi za kawaida hazizishiki. Lakini PS na ABS zikipashwa sana hutoa mvuke wa stirini, ambao unawasha macho na koo. PVC ndiyo mbaya zaidi, maana ikiungua inatoa gesi ya asidi, ileile inayotengeneza asidi ya hidrokloriki ikikutana na unyevu wa mapafu yako. Kwa hiyo usimpe mtoto msumari wa moto kwa plastiki asiyoijua, na usichome masalia ya midoli pamoja na takataka za uani.

Kwa PS na ABS kuna njia rahisi. Asetoni, ambayo ipo kwenye baadhi ya dawa za kufuta rangi ya kucha, inaziyeyusha kidogo. Mtu mzima anapaka tone kwenye pande zote mbili, anabana dakika kadhaa, na plastiki inashikana yenyewe kwa yenyewe. Fanya nje, mbali na moto, maana asetoni inawaka haraka. Mkono wa Optimasi tuliufunga hivyo, tukauacha mpaka kesho yake.

Na kama una roboti unayemthamini, mtoe juani. ABS nyeupe inageuka njano kwa sababu mwanga wa jua na oksijeni vinashambulia sehemu yake ya mpira, na sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa inaizuia isivunjike. Njano ni dalili kwamba imeanza kuzeeka.

Sehemu ambayo dada hakuipenda

Mwaka 2018 mtafiti Andrew Turner wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alichapisha matokeo ya kupima midoli 200 ya plastiki iliyotumika, kutoka majumbani, shule za chekechea na maduka ya vitu vya msaada. Kwenye mingi alikuta elementi zenye madhara, zikiwemo risasi, kadimi na bromini, hasa kwenye plastiki nyekundu, njano na nyeusi. Kadimi na risasi zilitumika kutengeneza rangi hizo zinazowaka.

PVC laini nayo ina jambo lake. Inalainishwa kwa kemikali ziitwazo thalati, na mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzibana baadhi yake kwenye midoli kwa sababu ya madhara kwenye uzazi. Mdoli uliotengenezwa kabla ya hapo haukuijua sheria hiyo, na robota halina tarehe.

Roboti akikaa kwenye rafu ya mtu mzima, hatari ni ndogo sana. Tatizo ni mtoto wa miaka miwili, maana yeye kila kitu anakionja.

Nilipomweleza dada, alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo mdogo wangu unataka nitupe nusu ya mzigo? Hela ya robota utanirudishia wewe?"

Swali la haki kabisa. Sikuwa na jibu la haraka. Na kutupa nako kuna shida yake, maana pale Kigongo "kutupa" mara nyingi kunaishia ziwani. Mwaka 2016 Biginagwa na wenzake walichapisha utafiti wa sangara na sato walionunuliwa Mwanza: samaki mmoja kati ya kila watano wa kila aina alikuwa na vipande vidogo vya plastiki tumboni. Walikuta polithini, mchanganyiko wa polithini na polipropilini, poliesta na nyinginezo. Rudi kwenye ndoo ya kwanza: polithini na polipropilini ndizo zinazoelea. Zinasafiri na mawimbi, zinapigwa na jua, zinavunjika vipande vidogo zaidi. Zile nzito zinakwenda kulala kwenye tope, tusizione.

Mafungu matatu

Tulikaa mpaka jioni, mimi, dada, dogo na ndoo zetu. Tukatoka na mafungu matatu. Fungu la kwanza: midoli mizima, migumu, yenye alama ya kiwanda na isiyomenyeka rangi. Hii wauziwe wenye watoto wakubwa. Fungu la pili: midoli laini iliyozama kwenye chumvi, iliyomenyeka, na ile mikongwe nyekundu, njano na nyeusi. Hii asiuziwe mtu mwenye mtoto mchanga mgongoni, hata akibembeleza bei. Rangi peke yake si ushahidi wa kadimi, na hakuna kipimo cha jikoni cha kuthibitisha, ndiyo maana tuliamua kuwa waoga. Fungu la tatu: mikono, vichwa na miguu. Vipuri.

Fungu la pili ndilo lilikuwa kubwa. Nimepiga picha maroboti yake na kuwatumia jamaa zangu mjini wanaokusanya. Wanne wameshapata wateja, watu wazima wenye rafu na bila watoto wadogo. Waliobaki wapo kwenye gunia uvunguni kwa dada, na hajarudisha hela yake yote.

Optimasi naye yuko fungu la pili, maana ni mwekundu na mkongwe. Dogo alikataa katakata kumwachia. Tukakubaliana: ana miaka tisa, haweki vitu mdomoni, atanawa mikono akimaliza kucheza, na mdogo wake asimguse kabisa. Amemtundika juu ya mlango kwa waya, mkono wake ukiwa umeshika vizuri.